Kuchomwa si Kuunguzwa: Dozi ya Miale katika Mashine za Saratani Zinazozunguka

Utangulizi

Katika Kisiwa cha Mombasa, kama ilivyo katika sehemu nyingine nyingi za Kenya, mgonjwa wa saratani anayepelekwa kutibiwa kwa miale husemwa kwamba "amekwenda kuchomwa". Neno hili ni fupi, linaeleweka na kila mtu, na halihitaji kamusi. Hata hivyo, ni neno lililobeba picha ya moto: kitu kinachounguza ngozi kwanza, kisha nyama, kisha mfupa. Anayelisikia aghalabu hudhani kwamba tiba kali ni ile inayounguza zaidi, na kwamba mgonjwa asiye na alama ya kuungua hajatibiwa barabara. Dhana zote mbili ni potofu, na zinaweza kumdhuru mgonjwa.

Makala haya yanalenga kufafanua namna dozi ya miale inavyojengwa ndani ya mwili na mashine ambazo chanzo chake cha miale humzunguka mgonjwa. Hoja inayoongoza ufafanuzi huu ni kwamba nguvu ya tiba hii imo katika mgawanyo. Mashine inayozunguka huisambaza dozi mahali pengi ili ikutane mahali pamoja, na ratiba ya tiba huisambaza katika siku nyingi ili mwili upate nafasi ya kujitengeneza. Kila mgawanyo una faida na una gharama yake. Mgonjwa na jamaa zake wanaoufahamu mgawanyo huu wana uwezo mkubwa zaidi wa kuuliza maswali yafaayo na wa kuikamilisha tiba.

Maana ya Dozi

Dozi ya miale ni kiasi cha nishati kinachoachwa na miale katika kila kilo ya mwili. Kipimo chake huitwa grei, kwa heshima ya mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray, aliyefariki mwaka 1965. Jina hilo lilikubaliwa kimataifa mwaka 1975. Grei 1 ni sawa na jouli 1 ya nishati katika kilo 1.

Hiki ni kiasi kidogo mno cha nishati. Iwapo grei 1 ingegeuzwa yote kuwa joto ndani ya maji, maji hayo yangepanda joto kwa takribani nyuzi 0.00024 za Selsiasi tu. Kikombe kimoja cha kahawa chungu, kinachonywewa barazani katika Mji wa Kale, hutia mwilini joto kubwa kupita mbali lile la kipindi kizima cha tiba ya miale. Kwa hiyo, haiwezekani kwamba miale huua saratani kwa kuichoma kama kaa la moto.

Kinachotokea ni jambo jingine. Miale hii inapopita mwilini hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Elektroni hizo, ama zenyewe ama kupitia kemikali kali zinazozaliwa maji ya mwilini yanapovunjwa, hukata nyuzi za DNA, ambazo ndizo zinazobeba maagizo ya uhai wa seli. Seli ambayo nyuzi zake zimekatwa vibaya hushindwa kugawanyika, na hatimaye hufa. Seli nzima za mwili hukatwa vilevile, lakini kwa jumla huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza zikipewa muda. Hii ndiyo sababu dozi haitolewi kwa mkupuo. Utaratibu uliozoeleka ni grei 2 kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa muda wa majuma 5 hadi 7, hata jumla ikafika grei 50 hadi 70 kutegemea aina ya saratani na mahali ilipo.

Mwale Mmoja na Tatizo Lake

Ili kuelewa kwa nini mashine huzungushwa, ni muhimu kwanza kutazama kinachotokea miale ikielekezwa kutoka upande mmoja tu. Miale ikiingia mwilini, dozi yake hupanda kwa haraka hadi kufika kilele chini kidogo ya ngozi, kisha hushuka polepole kadiri inavyozama. Kwa mashine ya kobalti-60, kilele hicho huwa katika kina cha nusu sentimita. Kwa linaki ya megavolti 6, yaani mashine inayoongeza kasi ya elektroni na kuzigonganisha na metali ili zitoe miale, kilele huwa katika kina cha sentimita 1.5. Hii ina maana kwamba ngozi yenyewe hupata dozi iliyo ndogo kuliko nyama iliyo chini yake. Mashine kuukuu za eksirei zenye nguvu ndogo hazikuwa na sifa hii: kilele cha dozi yake kilikuwa juu ya ngozi, na kwa hakika ziliiunguza.

Baada ya kilele, hasara huanza. Katika kina cha sentimita 10, miale ya kobalti huwa imebakiwa na takribani asilimia 56 ya dozi ya kilele, ilhali miale ya linaki ya megavolti 6 hubakiwa na takribani theluthi mbili. Tuseme uvimbe uko sentimita 10 ndani, na daktari anataka uvimbe huo upate grei 2 kwa siku. Akitumia mwale mmoja wa kobalti, sehemu iliyo chini ya ngozi, ambayo haina ugonjwa wowote, itapata takribani grei 3.6 kila siku. Baada ya siku 25, uvimbe utakuwa umepata grei 50, na nyama nzima iliyo njiani itakuwa imepata takribani grei 90. Mwili hauwezi kustahimili hali hiyo. Tiba itakuwa imeumiza njia kuliko ilivyoumiza shabaha.

Ndia Nyingi Kuelekea Soko Moja

Wenyeji wa Mombasa huiita njia "ndia" katika lahaja ya Kimvita, na barabara mashuhuri ya Mji wa Kale hadi leo huitwa Ndia Kuu. Vichochoro vya Mji wa Kale vinaweza kusaidia kuieleza kanuni ya mzunguko. Mathalani, mikokoteni mia moja ya mahamali inatakiwa kufika Marikiti asubuhi moja. Ikipita yote katika kichochoro kimoja cha Kibokoni, kichochoro hicho kitachimbika, kuta zitakwanguka, na wakazi wake hawatalala. Ikigawanywa ipite katika ndia ishirini tofauti, kila kichochoro kitabeba mikokoteni mitano tu, na bado yote mia itafika sokoni. Soko limepata shehena ileile. Ndia zimebeba sehemu ndogo ndogo.

Mashine ya miale hufanya vivyo hivyo. Mkono wake mkubwa, unaobeba chanzo cha miale, huzunguka nukta moja isiyosogea ambayo inaweza kuitwa kitovu cha mzunguko. Katika linaki nyingi kitovu hiki huwa sentimita 100 kutoka kwenye chanzo. Katika mashine nyingi za kobalti huwa sentimita 80. Mgonjwa hulazwa kwa namna ambayo uvimbe wake huangukia palepale penye kitovu. Hivyo, mkono uwe juu, chini, kulia au kushoto, miale daima hupita katika uvimbe, ila ndia ya kuufikia hubadilika.

Tofauti inayotokana na mpango huu inaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya kukadiria. Chukua umbo sahili la duara lenye kipenyo cha sentimita 20, uvimbe ukiwa katikati, na miale ya kobalti yenye upana wa sentimita 10. Katika kila hali uvimbe unapata grei 2 kwa siku, kwa siku 25.

Kwa mwale mmoja, kama ilivyoelezwa, sehemu iliyo chini ya ngozi mahali miale inapoingilia hupata takribani grei 90 kwa jumla.

Kwa miale miwili inayotazamana, sehemu hiyo hupata takribani grei 57, kwa kuwa kila upande hubeba nusu ya kazi, pamoja na masalio ya mwale unaotokea upande wa pili.

Kwa miale minne iliyopangwa kama msalaba, hupata takribani grei 29.

Kwa mzunguko kamili wa nyuzi 360, kila sehemu ya mzingo wa mwili hupata takribani grei 18.

Uvimbe, katika hali zote nne, umepata grei 50. Kwa mwale mmoja, njia ilipata dozi kubwa kuliko uvimbe; kwa mzunguko kamili, njia imepata takribani theluthi moja ya dozi ya uvimbe. Hili ndilo jambo la msingi kuhusu mashine zinazozunguka.

Kutoka Kobalti hadi Tao Linalobadilika

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na muda mfupi baadaye madaktari wakaanza kuijaribu katika kutibu uvimbe. Hatua kubwa ilipatikana mwaka 1951, mashine za kwanza za kobalti-60 zilipoanza kutibu wagonjwa nchini Kanada. Mwaka 1953, hospitali ya Hammersmith jijini London ikaanza kutumia linaki. Mashine za aina zote mbili ziliweza baadaye kujengwa kwa mkono unaozunguka, na hivyo kumwezesha daktari kutibu kutoka pembe yoyote bila kumgeuza mgonjwa.

Hata hivyo, mzunguko pekee haukutosha. Miale yenye umbo la mstatili ikizungushwa huchora dozi yenye umbo la mcheduara, ilhali uvimbe mara chache huwa na umbo hilo. Katika miaka ya 1960, daktari Mjapani Shinji Takahashi alionyesha namna ya kubadilisha umbo la tundu la miale kadiri mashine inavyozunguka, ili miale ifuate umbo la uvimbe unavyoonekana kutoka kila pembe. Wazo hilo lilitangulia wakati wake, kwa sababu kompyuta za kuliendesha zilikuwa bado hazijakomaa.

Baadaye mawazo yalifuatana kwa haraka. Mwaka 1993, Thomas Rockwell Mackie na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza mashine inayozunguka mfululizo huku kitanda cha mgonjwa kikisogea ndani yake, hata miale ikachora hesi kuuzunguka mwili. Mwaka 1995, Cedric Yu alipendekeza kutumia matao kadhaa ya linaki ya kawaida, kila tao likiwa na maumbo yake. Mwaka 2008, Karl Otto wa Kanada alichapisha mbinu iliyowezesha kazi yote kukamilishwa katika tao moja.

Katika mbinu hii ya tao linalobadilika, mambo matatu hubadilika kwa pamoja wakati mkono wa mashine unapozunguka. La kwanza ni umbo la tundu la miale, linaloundwa na makumi ya vibamba vyembamba vya tangsteni, kila kimoja kikisukumwa na mota yake. La pili ni kasi ya mkono wenyewe. La tatu ni wingi wa miale inayotoka katika kila sekunde. Kompyuta hupanga mambo haya ili, kwa mfano, mkono unapopita mahali ambapo ugwe wa mgongo unaukinga uvimbe, vibamba vizibe sehemu hiyo. Na unapofika pembe iliyo salama zaidi, dozi iongezwe. Tao moja huchukua takribani dakika 1 hadi 2. Ufupi huu una manufaa yake: mgonjwa mwenye maumivu huweza kutulia dakika mbili kwa urahisi kuliko dakika kumi na tano, na anayetulia hupata dozi mahali ilipokusudiwa.

Gharama ya Mzunguko

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mzunguko hupunguza miale inayoingia mwilini. Jumla ya nishati inayoachwa katika mwili mzima haipungui sana. Kilichobadilika ni mahali inapoangukia. Katika mfano wa mikokoteni, kichochoro cha Kibokoni kimepumzika, lakini sasa wakazi wa Kuze na wa Ndia Kuu, ambao awali hawakusikia gurudumu lolote, wanasikia mikokoteni mitano kila mmoja. Vivyo hivyo, sehemu za mwili ambazo kwa miale miwili zisingepata kitu, kwa mzunguko hupata dozi ndogo. Eneo linalopata dozi kubwa hupungua, na eneo linalopata dozi ndogo hupanuka.

Uzito wa jambo hili hutegemea kiungo. Mfano mzuri ni saratani ya umio, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazosababisha vifo vingi nchini Kenya. Umio hupita kati ya mapafu mawili, nyuma ya moyo na mbele ya uti wa mgongo. Daktari akitumia miale miwili tu, mmoja kutoka kifuani na mwingine kutoka mgongoni, mapafu yataepuka sehemu kubwa ya dozi, lakini moyo na ugwe wa mgongo utapata dozi karibu sawa na ya uvimbe. Ugwe wa mgongo ukizidishiwa, mgonjwa anaweza kupooza; ndiyo maana dozi yake huzuiwa isipite takribani grei 45 hadi 50. Akitumia tao kamili, ugwe wa mgongo utalindwa, lakini mapafu yote mawili yataogeshwa dozi ndogo, na dozi ndogo ikienea katika sehemu kubwa ya mapafu inaweza kuleta uvimbe wa mapafu na kikohozi kikali baada ya miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo, mpango mzuri hupima asilimia ya mapafu inayopata grei 5 au zaidi, na ile inayopata grei 20 au zaidi, na mara nyingi daktari huamua kutumia sehemu tu ya mzunguko.

Kwa watoto na vijana kuna hesabu nyingine. Dozi ndogo iliyotandaa mwilini huongeza kidogo uwezekano wa saratani mpya kuzuka miaka mingi baadaye. Mzee wa miaka 75 hana haja ya kuliogopa sana jambo hilo. Mtoto wa miaka 7 ana maisha marefu mbele yake. Mashine ileile, kwa uvimbe uleule, inaweza kuwa chaguo bora kwa mmoja na lisilo bora kwa mwingine.

Gharama ya pili ni usahihi. Dozi ya tao linalobadilika hushuka ghafla pembezoni mwa uvimbe, na huko ndiko kuvilinda viungo jirani. Lakini ukingo mkali haumsamehe anayekosea. Mgonjwa akisogea sentimita moja, sehemu ya uvimbe inaweza kutoka nje ya dozi, na kiungo kizima kikaingia ndani yake. Hii ndiyo sababu ya mambo ambayo wagonjwa wengi huyaona kuwa usumbufu: barakoa ya plastiki inayobana kichwa, picha za CT kabla ya tiba, agizo la kunywa maji ili kibofu kijae, na alama za wino zinazochorwa juu ya ngozi. Katika joto la Mombasa jasho hufuta wino upesi. Mgonjwa aliyefutikiwa alama anapaswa kuwaarifu wahudumu, wala asijichoree mwenyewe nyumbani. Kwa upande wa wataalamu, mwanafizikia wa tiba huupima mpango wa tao juu ya kifaa cha plastiki chenye vipima-dozi, ili kuthibitisha kwamba mashine inatoa kile ambacho kompyuta ilikiahidi.

Dozi Katika Wakati: Safari ya Mombasa hadi Nairobi

Mgawanyo wa dozi katika siku ni muhimu sawasawa na mgawanyo wake katika nafasi. Seli za saratani nazo hutumia muda kujiongeza. Tiba ikikatizwa, seli zilizosalia hupata nafasi ya kuzaana tena. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, tafiti zimeonyesha kwamba muda wa tiba nzima, pamoja na ile ya chanzo cha miale kinachowekwa ndani, unapopita takribani majuma 8, uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa hushuka kwa kati ya nusu na asilimia 1 kwa kila siku inayoongezeka. Kwa hiyo, juma moja la kukosa tiba si jambo dogo.

Hapa ndipo jiografia inapogeuka kuwa sehemu ya dozi. Kwa miaka mingi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini Kenya iliyotoa tiba ya miale. Mgonjwa aliyegunduliwa katika Hospitali Kuu ya Pwani, kisiwani Mombasa, alilazimika kusafiri kilomita zipatazo 480, kisha kutafuta mahali pa kulala kwa majuma matano au zaidi, kwa tiba ya dakika chache kila siku. Reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 ilipunguza saa za safari, lakini haikupunguza siku za kukaa. Aliyeishiwa na nauli au chakula akarudi nyumbani baada ya siku 15 kati ya 25 alikuwa amepata grei 30 kati ya 50: dozi ya kutosha kumchosha, isiyotosha kumponya. Kufunguliwa kwa vituo vya miale nje ya Nairobi, kama vile Nakuru na Garissa, kumeanza kuibadilisha ramani hiyo ya nchi.

Mashine yenyewe pia ina wakati wake. Nguvu ya kobalti-60 hupungua hadi nusu kila baada ya miaka 5.27. Mgonjwa aliyetibiwa kwa dakika 2 chanzo kikiwa kipya atahitaji dakika 4 baada ya muda huo ili kupata dozi ileile, na foleni hurefuka kwa kadiri hiyo. Linaki haina chanzo kinachochakaa hivyo, lakini hudai umeme usioyumba, mfumo wa kupoza na mafundi wa kudumu. Mwaka 2016, mashine pekee ya kobalti iliyokuwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na baadhi ya wagonjwa wa Uganda wakalazimika kuvuka mpaka kutafuta tiba Nairobi. Mashine iliyochukua nafasi yake ilianza kazi takribani mwaka mmoja na nusu baadaye, nayo ilikuwa ya kobalti. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyotegemea kobalti kwa miaka mingi, iliongeza linaki mwaka 2018. Mifano hii inaonyesha kwamba mashine bora ni ile inayoweza kufanya kazi siku zote 25, hata kama haiwezi kuchora tao la kisasa kabisa.

Neno na Athari Zake

Kwa wanafunzi na wapenzi wa Kiswahili, suala hili lina upande wa lugha usiopaswa kupuuzwa. Kitenzi "choma" kina maana mbili. Ya kwanza ni kuunguza kwa moto, kama katika kuchoma mahindi. Ya pili ni kupenyeza kitu chenye ncha, kama katika kuchoma sindano au kuchomwa na mwiba. Maana ya pili iko karibu zaidi na kazi ya miale, kwa kuwa miale hupenya na kupita. Tatizo ni kwamba msikilizaji aliyejawa na hofu ya saratani huishika maana ya kwanza.

Athari za kuishika maana hiyo ni za kweli. Ngozi ya mgonjwa inaweza kuwa nyeusi na kuwasha katika majuma ya mwisho, hasa pale uvimbe ulipo karibu na ngozi, kama katika matiti au shingo. Aliyeambiwa anachomwa huona kwamba moto umezidi, akaacha tiba. Mwingine, ambaye dozi yake imegawanywa na mzunguko hata ngozi yake ikabaki kama ilivyokuwa, hudhani kwamba hakuna alichopewa, akaanza kutafuta tiba nyingine. Isitoshe, wapo jamaa wanaoogopa kukaa karibu na mgonjwa au kula naye sinia moja, wakidhani kwamba "moto" ule umebaki ndani yake. Ukweli ni kwamba miale inayotoka nje ya mwili haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, au chanzo kikifunikwa, miale imekwisha. Mgonjwa anaweza kumpakata mjukuu wake jioni ileile.

Istilahi nazo hutofautiana: "mionzi" imeenea zaidi Tanzania, "miale" husikika sana Kenya, na "mnururisho" hupatikana katika kamusi na vitabu vya sayansi. Tofauti hizi si tatizo kubwa. Neno lenye manufaa zaidi tayari limo majumbani, nalo ni "dozi". Kila mzazi wa Mombasa aliyewahi kupewa dawa za malaria anajua kwamba dozi ina kiasi chake, ina siku zake, na haiachwi kwa sababu tu homa imeshuka. Ujuzi huo unaihusu tiba ya miale moja kwa moja.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mashine za saratani zinazozunguka hazitibu kwa ukali wa moto. Hutibu kwa kugawanya dozi katika ndia nyingi zinazokutana kwenye uvimbe, na katika siku nyingi zinazoipa nyama nzima nafasi ya kujitengeneza. Mgawanyo huo huokoa ngozi, ugwe wa mgongo na viungo vingine kutokana na dozi kubwa, lakini huacha dozi ndogo mahali pengi, na hudai usahihi wa wataalamu pamoja na utulivu wa mgonjwa.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo manne kabla ya kuanza: jumla ya dozi yake ni grei ngapi, itagawanywa katika siku ngapi, ni viungo gani vilivyo njiani, na nini kitafanywa iwapo mashine itaharibika katikati ya tiba. Wahudumu wanaozungumza Kiswahili nao wana wajibu wa kuyajibu maswali hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka. Jamaa wanaomsindikiza mgonjwa, badala ya kumuuliza jioni kama ameungua, wamuulize amefika siku ya ngapi ya dozi yake, na wamsaidie kuimaliza.